Jasho kwa Amri

Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani uliopanga nchi 168 kwa uvivu. Kipimo chao kilikuwa rahisi: mtu mzima asiyefikisha dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, iwe shambani, njiani, nyumbani au uwanjani, anahesabiwa kuwa hajishughulishi vya kutosha. Kuwait ilishika mkia, watu 67 katika kila 100. Marekani walikuwa 40. Kwa wastani wa dunia, walikuwa zaidi ya robo. Tanzania ilipata asilimia 6.5, ikawa ya nne, nyuma ya Uganda, Msumbiji na Lesotho. Si mara nyingi tunashika nafasi ya nne duniani, tena bila kuweka kambi.

Anayetaka kuielewa namba hiyo aje Makutupora. Nasema Makutupora ya Dodoma, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa na Arusha, si ile ya wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ambayo reli ya kisasa kutoka Morogoro imeipa umaarufu na kuwachanganya wasafiri. Makutupora hii yetu inajulikana kwa visima vinavyonywesha mji wa Dodoma, kwa zabibu, na kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Kikosi 834.

Msimu wa kupogoa, jua likichomoza tu wanawake wanakuwa wameshaingia kwenye mistari ya zabibu. Kila mzabibu unamtaka mtu ainame, ashike tawi kwa mkono wa kushoto, ahesabu macho mawili au matatu, akate kwa mkasi, atupe kipande nyuma yake, anyooke, apige hatua moja, ainame tena. Mstari ukiisha upo mwingine. Jioni matawi yaliyokatwa yanafungwa mzigo na kubebwa kichwani, yakawe kuni. Upande wa kambini, saa zilezile za asubuhi, kuruta wanapita kwa kishindo, bukta na fulana, mmoja akitoa chenja na kombania nzima ikimwitikia. Hawa wa kambini wanafanya mazoezi. Wale wa kwenye zabibu, ukiwauliza, watakwambia wako kibaruani. Watafiti waliwapima wote kwa mizani moja, na hawakukosea. Ni serikali zetu, kwa miaka sitini na ushei, ambazo zimekuwa zikibadili mawazo kuhusu nani kati yao anahitaji kuhimizwa.

Kwa kawaida dola huanza kujali mbavu za raia wake ikiwa imeshindwa vita au inaogopa kushindwa. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi ya viungo mjini Berlin mwaka 1811, miaka mitano baada ya Napoleon kuiponda Prussia. China ilianza kurusha mazoezi ya viungo redioni mwaka 1951, majeshi yake yakiwa vitani Korea. Huku kwetu mambo hayo yaliletwa na askari. Wajerumani, ambao reli yao ilifika Dodoma mwaka 1910, walikuja na gwaride, na Waingereza waliowafuata wakaliingiza shuleni pamoja na hesabu na Biblia. Mwafrika, kwa maoni yao, hakuwa na upungufu wa jasho. Alichokosa ni mstari ulionyooka.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwa msaada wa Israel, likiwa la vijana wa kujitolea. Miezi sita baadaye askari wa Tanganyika Rifles wakaasi. Serikali ilipolivunja jeshi hilo na kuunda jipya, iliwageukia vijana wa JKT na wa Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, na tangu hapo mwili wa kijana ukawa suala la usalama wa nchi. Mwaka 1966 utumishi huo ukafanywa wa lazima kwa wasomi: miaka miwili, sehemu yake kambini, na iliyobaki kazini huku asilimia 60 ya mshahara ikikatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kilichowauma zaidi wasomi wale kilikuwa fedha, lakini mzozo huo uliweka utaratibu uliodumu: kukimbia asubuhi ni deni ambalo aliyesoma analipa kwa yule aliyelima ili yeye asome. Aliyelima hadaiwi kitu. Ameshalipa.

Mwaka uliofuata nchi nzima ikawa inatembea. Azimio la Arusha lilipotangazwa, vijana walijipanga vikundi kwa vikundi na kuunga mkono kwa miguu, mkoa hadi mkoa. Seti Benjamin, kijana aliyekuwa akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifia njiani na jina lake likabaki kwenye kumbukumbu za taifa. Oktoba 1967 Nyerere mwenyewe alitoka Butiama kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akilala njiani na kuhutubia alipofika. Sijui mkuu mwingine wa nchi wa zama zile aliyeunga mkono sera yake kwa malengelenge. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro mwaka 1961, nao ulikuwa na mbio zake kila mwaka, na unazo hadi leo, ingawa sehemu kubwa ya mbio hizo hukimbiwa na Land Cruiser.

Ila kilichoingia mwilini mwa Watanzania wengi kuliko yote hayo ni mchakamchaka wa shuleni. Aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kusimuliwa. Wa leo anahitaji. Kengele ya kwanza inagongwa kungali na umande. Wakubwa mbele, wadogo nyuma, wengi pekupeku, viranja pembeni na fimbo za mbaazi. Mwalimu wa zamu hakimbii. Amesimama mlangoni mwa ofisi akihesabu wachelewaji. Kiranja mwenye sauti anatupa mstari, wengine wanadaka, vumbi linapanda, na mtaa mzima unajua saa bila kuwa na saa. Nyimbo zilikuwa za siasa: wakoloni, makaburu, na wakati wa vita ya Kagera, Idi Amin, ambaye aliuawa na watoto wa darasa la pili kila asubuhi kwa njia ambazo mimi sitaziandika hapa. Baada ya hapo mstarini, kukaguliwa kucha na meno, fimbo kwa waliochelewa, ndipo darasani. Daktari hakutajwa popote. Hakuna aliyewaambia watoto wale kwamba kukimbia ni kuzuri kwa moyo. Waliambiwa ni kuzuri kwa taifa, na kwa kuwa taifa ndilo lililokuwa likigonga kengele, halikuhitaji kueleza zaidi.

Wakati huohuo wazazi wao walikuwa wakitolewa jasho kwa namna nyingine. Mwaka 1971 ilipopita Operesheni Dodoma, Wagogo waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila kaya na mifugo na mashamba yake, walikusanywa vijijini. Nyerere alikuja kukaa Chamwino, akafyatua matofali na kulima pamoja na wanakijiji. Mwaka 1972 TANU ikatoa kule Iringa tamko la Siasa ni Kilimo. Kwa kijiji kilichopangwa nyumba pamoja, shamba la mtu lilibaki kule kule alikohama, au akapewa jingine mbali, na malisho yakasogea. Kama ipo sera iliyoongeza kilomita za kutembea kila siku katika nyanda hizi kavu, ni hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuiorodhesha kwenye michezo. Nani angethubutu wakati ule kumwambia mama wa Kigogo, aliyetoka kuchota maji kwenye makorongo na anayejiandaa kwenda kupalilia uwele, kwamba atenge nusu saa ya mazoezi?

Michezo yenyewe, ile ya firimbi na namba mgongoni, ilipewa chombo chake mwaka 1967, sheria ilipounda Baraza la Michezo la Taifa. Baraza lilitafuta mabingwa, na mabingwa walipatikana. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Yeye na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na Olimpiki haijatupa medali nyingine tangu hapo. Nyanda hizi za kati zimesubiri hadi Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida, askari wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Ni furaha kubwa. Lakini bingwa mmoja hapunguzi presha ya mtu mwingine yeyote, isipokuwa labda anaipandisha katika mita mia za mwisho.

Kisha fedha zikaisha. Mwaka 1994 JKT ya lazima ilisimamishwa kwa sababu serikali haikuweza kuwalisha vijana wake. Mwaka 1995 tukapata Sera ya Maendeleo ya Michezo, kwa kanuni inayojulikana kwamba chakula kikikosekana huandikwa sera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, hata UMISETA na UMITASHUMTA, mashindano ya shule za sekondari na za msingi, yakafutwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirudishwa baada ya miaka michache, ila madhara hayakuwa kwenye vikombe. Viwanja ni ardhi, na ardhi isiyo na ratiba haikai wazi. Katika miji yetu, pale palipokuwa na goli la miti sasa pana fremu za maduka.

Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo serikali ilipoacha kuhimiza, ndipo sababu ya kuhimiza ilipokuja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto ulikuta mwaka 2004/05 asilimia 18 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 36. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, na karibu mmoja katika kumi na mmoja ana sukari ya juu. Ukiziweka namba hizi kando ya ile ya utafiti wa 2018, utadhani ni nchi mbili. Na kweli ni mbili. Moja iko kwenye mistari ya zabibu Makutupora. Nyingine imeketi, imepewa chai na chapati za ofisini, na nyumbani inarudi kwa bodaboda inayoshushia mlangoni.

Basi amri ikarudi, safari hii imevaa koti jeupe. Mwaka 2015 John Magufuli alikuwa amepiga pushapu jukwaani kuthibitisha kwamba anafaa kuwa Rais, na akachaguliwa. Desemba 2016 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa na kuagiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe ya mazoezi kwa wote. Wakuu wa mikoa walitoka na suti za michezo zenye mikunjo ya dukani. Watumishi wa umma walitoka kwa sababu wakuu wa mikoa walitoka. Kulikuwa na spika, mwalimu wa viungo, maji ya chupa, hotuba, na picha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tayari ilikuwa imeshachukuliwa na usafi wa mazingira, nao wa lazima, kwa hiyo raia mwema alibakiwa na mbili za kufua, kuhudhuria msiba na harusi.

Jumamosi ile ya mazoezi haikufutwa na mtu. Ilififia mkoa baada ya mkoa, kama inavyofifia kila ratiba inayomtegemea mgeni rasmi. Nilimsikia mtumishi mmoja akieleza kwamba aliacha kwenda siku orodha ya mahudhurio ilipoacha kuzungushwa, na sikuona kama ana aibu yoyote. Uganda walipita njia hiyohiyo: Museveni alizindua siku ya kitaifa ya mazoezi Julai 2018, na wakati wa korona akajirekodi ofisini kwake akizunguka chumba na kupiga pushapu. Watu waliipenda sana video ile. Waliitazama wakiwa wamekaa.

Zanzibar mambo ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafaa kutazamwa. Huko tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, na vikundi huandamana mjini Unguja hadi uwanja wa Amani, vijana na wazee, akina mama wamejisitiri na raba zao miguuni. Viongozi wapo na hotuba zipo. Lakini vikundi vina wanachama, michango, sare, na chama kinachoviunganisha, na hukutana asubuhi za kawaida pia, bila kiongozi wa kuwapokea. Siku ya taifa inavikuta vimeshasimama. Dar es Salaam nako, Temeke na kwingineko, klabu za jogging zinafunga barabara alfajiri ya Jumapili na nyimbo zao, na ukizichungulia ndani utakuta ni chama cha kuzikana, ni kikoba, ni ukumbi wa utani, na kukimbia ni ada ya kiingilio. Hakuna waraka uliozianzisha. Ni mchakamchaka uleule, ila fimbo ya mbaazi imeondolewa na taifa limebadilishwa na mtaa.

Kwetu Dodoma, kuna NBC Dodoma Marathon tangu 2020, ambayo huchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Ocean Road. Wabunge wana bonanza lao. Na wizara zina SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa serikali, ambako pamoja na mpira na kuvuta kamba huchezwa pia bao, drafti na karata. Sina ugomvi na bao. Nasema tu kwamba mtumishi anaweza kuiwakilisha wizara yake kwenye michezo ya taifa bila kuinuka.

Lakini hati muhimu kuliko zote kuhusu mwili wa Mtanzania haikutoka Wizara ya Afya wala Baraza la Michezo. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ikakabidhi mpango kabambe wa mji. Wakanada hao walitoka katika nchi iliyokuwa ikijicheka: tangazo la ParticipACTION la mwaka 1973 lilikuwa limewaambia kwamba Mswidi wa miaka 60 ana pumzi sawa na Mkanada wa miaka 30. Dodoma waliyoichora, kwa matakwa ya Nyerere, haikuwa mji wa minara na magari. Ilikuwa mlolongo wa makazi yenye ukubwa wa kijiji kikubwa, kila moja na shule yake, soko lake na zahanati yake, yakiunganishwa na njia ya mabasi, huku waenda kwa miguu na baiskeli wakipewa njia zao zenye miti. Mtu angekwenda kazini, sokoni na msikitini kwa miguu kwa sababu hiyo ndiyo ingekuwa njia fupi. Asingehitaji kuzinduliwa.

Hiyo ndiyo mara pekee, kwa ninavyoiona mimi, dola hii ilipofikiria mwili wa raia bila kuupigia firimbi. Na ndiyo mara ambayo haikutekeleza. Fedha hazikutosha, Dar es Salaam haikutaka kuhama, na mji ukakua kwa viwanja badala ya njia. Magufuli alipotangaza kuhama kweli mwaka 2016, watu walikuja kwa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu Dodoma mjini watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, mbali na katikati ya mji, na ofisi zake za kwanza zikazinduliwa Aprili 2019. Ni majengo mazuri, yamepangwa kwa nafasi. Anayekaa Nkuhungu au Kisasa na kufanya kazi huko hana njia ya kufika kwa miguu hata akitaka, labda awe Simbu. Kwa hiyo anakaa kwenye gari, anakaa ofisini, anakaa kwenye gari, na Jumamosi anahimizwa.

Sasa inazunguka mji barabara mpya ya kilomita 112.3, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Februari 2022, na inapita Veyula, jirani kabisa na Makutupora. Malori ya kwenda Arusha, Singida na Iringa hayatalazimika tena kuingia mjini, na hilo ni jema. Kwa mama wa zabibu ni barabara nyingine ya kuvuka na mzigo wa kuni kichwani, akisubiri pembeni hadi magari ya pande zote mbili yamuonee huruma.

Ukiuliza leo ni nani serikalini anahusika na mazoezi ya wananchi, utatajiwa wizara yenye michezo, Wizara ya Afya na Baraza la Michezo, na Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua hapa Dodoma mpango wa taifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, ambao nao unawataja hao. TANROADS na TARURA, wakala wa barabara wanaoamua kila mwaka wa fedha ni mita ngapi za barabara zitakuwa na njia ya miguu na ngapi zitakuwa na mtaro tu, hawamo. Wao hualikwa kwenye bonanza, wakavuta kamba, wakapewa fulana.